Kurabu na Majaa Yetu

Katika bustani nyingi za Mombasa, sauti ya kwanza baada ya adhana ya alfajiri si tena ya shore wala ya tetere. Ni ya kurabu. Hutua juu ya mwembe na juu ya tangi la maji, na hushukia jikoni mara tu mlango unapoachwa wazi. Akina mama wengi hujiuliza: ndege huyu ametoka wapi, na tumfanyeje?

Kwanza tumtambue. Kurabu si yule kunguru wetu wa asili, mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe shingoni. Huyu ni mdogo zaidi, mweusi, na shingo yake ni ya kijivu. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, zama za Waingereza, ili asaidie kuondoa taka za mji. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na leo amejaa katika miji yetu ya pwani.

Mfagizi huyo hakutosheka na taka. Hula mayai na makinda ya ndege wengine. Hupasua viota vya mnana vinavyoning'inia mitini, wala hamwachi chozi, yule mdogo anayefyonza utamu wa maua. Penye kurabu wengi, ndege wadogo hupungua, na pamoja nao hupungua msaada wao: kula wadudu, kuchavusha maua na kutawanya mbegu. Afugaye kuku hupoteza vifaranga, na aanikaye samaki hana budi kukaa chonjo.

Mwaka 2024 serikali, kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ilitangaza azma ya kuangamiza kurabu milioni moja. Hatua hiyo ina nafasi yake, lakini sumu haifuniki pipa. Jaa likibaki wazi, waliosalia watashiba, watazaana na kuijaza nafasi ya waliokufa.

Je, inajuzu kumwua? Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, kunguru ametajwa miongoni mwa wanyama watano wanaoruhusiwa kuuawa kwa sababu ya madhara yao, hata ndani ya Haram. Hata hivyo, ruhusa ya kuondoa madhara si ruhusa ya kutesa. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha wema hata katika kuchinja, na amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Basi mtoto anayemfunga ndege kamba mguuni, au anayempiga kwa manati kwa mchezo, akatazwe na aelezwe sababu.

Tukumbuke pia kisa kilichomo katika Suratul Maida: ni kunguru aliyemwonyesha mwana wa Adam namna ya kuusitiri mwili wa nduguye. Binadamu alijifunza kufukia kutoka kwa ndege huyo. Ni aibu kwetu tukishindwa kufukia hata matumbo ya samaki.

Kazi hii huanzia nyumbani. Vichwa na matumbo ya samaki tuyafukie vizuri shambani, au tuyatie katika pipa lenye kifuniko kizito. Baada ya harusi au maulidi, mabaki ya pilau yasilale uwanjani. Watoto wapewe zamu ya kuokota. Tangi la maji lifunikwe. Kurabu akianza kujenga kiota katika mti wetu, tukiondoe mapema kabla hajataga, baada ya kuhakikisha kwamba si cha ndege mwingine. Sumu tusiitege wenyewe kamwe, kwani paka, kuku na watoto wetu nao huifikia. Kazi hiyo ni ya waliofunzwa na kupewa idhini.

Kisha tuwafungulie mlango wale waliofukuzwa. Tupande mihina, mikomamanga na maua, na tuweke bakuli la maji yenye kina kifupi chini ya kivuli, tukiyabadilisha kila siku. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu apandaye mti, kisha ndege, mtu au mnyama akala matunda yake, huandikiwa sadaka. Sadaka hiyo haihitaji mali nyingi. Yahitaji pipa lililofunikwa, mche mmoja, na mama anayewaonyesha wanawe tofauti ya chozi na kurabu.