Homa ya Mwenye Katheta

Katika miezi ya Juni na Julai, baridi ya Nyanda za Juu inapokaza, mgonjwa wa figo wa Tukuyu au wa Mafinga, apandaye basi alfajiri kwenda kusafishwa damu, hujifunga skafu ya sufu shingoni, na aghalabu chini ya skafu hiyo pana katheta, yaani mrija laini uliopenya ngozi ukaingia katika mshipa mkubwa wa damu hadi karibu na moyo. Muuguzi aifunguapo skafu, mara nyingine huikuta plasta imeloa jasho na kubanduka upande mmoja, na ngozi ya chini yake imeiva wekundu, hali mwenyewe hana habari, kwa kuwa hapaumi.

Vijidudu viitwavyo stafilokoka, ambavyo hukaa juu ya ngozi ya wanadamu bila kuwadhuru, hutambaa kando ya mrija ule, au huingia kwa vifuniko vyake vifunguliwapo kwa mikono isiyo safi, kisha hujishikiza ndani na kujifunika utando wa ute ambao dawa haiupenyi kwa urahisi. Ndiyo maana katheta iliyoambukizwa mara nyingi haina budi kuondolewa. Vikichukuliwa na damu huweza kutua katika vali za moyo au pingili za uti wa mgongo, ikawa maradhi juu ya maradhi.

Linalonisumbua zaidi ni homa. Kwetu mtu akishikwa na homa, fikra ya kwanza ni malaria, na ya pili homa ya matumbo. Basi mgonjwa hupita duka la dawa, akanunua dawa mseto pamoja na amoksisilini, akalala. Walakini mwenye katheta akitetemeka, hususa muda mfupi baada ya kuunganishwa na mashine, wakati vijidudu vilivyojificha mrijani husukumwa vikaenea mwilini, homa yake ihesabiwe kuwa ni ya katheta mpaka ithibitike vinginevyo. Kipimo cha malaria na kifanyike, sikikatazi. Bali damu ya kuoteshwa maabara ichukuliwe kabla ya antibayotiki ya kwanza, kwani vidonge vya dukani huvizima vijidudu nusunusu, maabara ikakosa kuviotesha, na daktari akabaki akibahatisha.

Njia iliyo salama zaidi kuliko katheta ni fistula, yaani kuunganisha ateri na vena mkononi, kama walivyoeleza madaktari Brescia na Cimino na wenzao huko New York mwaka 1966, kwa kuwa haina kitu cha kigeni kilichotokeza nje ya ngozi. Illa yataka majuma 6 au zaidi kukomaa, na wagonjwa wetu wengi hufika wakiwa taabani. Kwa hiyo mgonjwa na aiulizie tangu juma la kwanza.

Nyumbani mwenye katheta aoge kwa ndoo na kitambaa, maji yasifike shingoni, wala asikubali dripu ipitishwe katika mrija huo zahanati. Nawe ndugu umuuguzaye, akitetemeka usiku, usingoje siku yake ya mashine. Mpeleke hospitali usiku uo huo, na ufikapo mlangoni useme kwanza kwamba ana katheta.