Kununua Nyumba Wakati wa Mashaka

Wakati wa mashaka vitu huuzwa rahisi, na mwenye fedha hutamani kununua. Mji wa Palma uliposhambuliwa mwezi Machi 2021, watu wengi walikimbia na kazi ya gesi ya Afungi ikasimama. Je, yafaa kununua nyumba ya aliyekimbia? Kwanza tufahamu kwamba katika Msumbiji ardhi ni mali ya serikali, wala haiuzwi. Kinachouzwa ni kilichojengwa au kupandwa juu yake. Tena Sheria ya Ardhi ya 1997 ilimpa haki mwenye kukaa kwa desturi, hata asiye na cheti, na ushahidi wa majirani hupokewa. Basi mnunuzi na awaulize majirani na wazee: mwenyewe yuko wapi? Asipopata jawabu, afadhali akae na fedha zake, kwa maana mwenyewe huenda akarudi.