Eksirei Haipenyi Kila Kitu

Nikizungumzia matundu meusi makubwa ya katikati ya galaksi, naulizwa lilelile: "Kama eksirei hupenya kila kitu, gesi itayafichaje? Si yamelala tu, hayamezi kitu?"

Hayajalala. Wala eksirei haipenyi kila kitu. Ingekuwa hivyo, aproni ya risasi wanayovaa mafundi hospitalini isingekuwa na kazi.

Imani hiyo imezaliwa hospitalini. Mashine ya kupiga picha ya kifua huendeshwa kwa takriban volti 100,000, kwa hiyo miale yake ni mikali. Darubini ya Chandra, iliyorushwa mwaka 1999, huona miale isiyozidi elektronivolti 10,000 hivi, nayo ni laini. Nishati ya mwale ikipungua kwa nusu, gesi huunyonya karibu mara nane zaidi. Tena wanyonyaji wakuu si haidrojeni iliyojaa humo, bali oksijeni, chuma na elementi nyingine nzito zilizomo kwa uchache. Pazia la gesi tunaloliita zito sana huanzia atomi trilioni trilioni moja na nusu kwa kila sentimita ya mraba. Idadi inatisha, lakini uzito wake ni gramu tatu hivi! Kifua chako kina zaidi ya hapo. Gesi hiyo kidogo yatosha kuzima miale laini kabisa, na anayeangalia miale hiyo peke yake hana haki ya kusema tundu limelala.

Tazama galaksi ya NGC 1068, iliyo umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 47. Kwa eksirei laini kitovu chake ni dhaifu. Lakini mwaka 1985 Robert Antonucci na Joseph Miller walichambua mwanga wake uliopolarishwa, wakakuta alama za gesi inayokimbia kwa kasi kubwa, zimeakisiwa kutoka nyuma ya pazia. Mwaka 2014 setilaiti ya NuSTAR iliona miale mikali ikiongezeka kwa muda, kana kwamba pazia limepata upenyo. Mwaka 2022 wanasayansi wa IceCube, kitambuzi cha nutrino kilichoko Ncha ya Kusini, walitangaza ushahidi wa chembe hizo za nishati kubwa kutoka galaksi hiyohiyo. Huo ndio usingizi?

Njia za kuyafichua zipo. Pima miale iliyozidi elektronivolti 10,000. Tafuta mstari wa chuma kwenye elektronivolti 6,400. Pima infraredi ya vumbi lililopashwa joto, kisha mwanga wa oksijeni iliyo nje ya pazia. Usitegemee moja, maana pazia likizidi uzito hata miale mikali hufifia.

Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ndiyo iliyoanza kupima anga lote kwa eksirei. Leo data za NuSTAR ziko wazi kwa yeyote. Mwanafunzi, zifungue kabla hujaandika kwamba tundu limelala.