Kitabu hakina jalada, lakini Kombora akitokea tu unajua ni Joram!

Hebu tuanze na swali la kijiweni. Wewe unayejiita mpenzi wa riwaya za upelelezi, Willy Gamba ulimjulia kwenye kitabu gani? Usinidanganye kwamba ni Kufa na Kupona cha mwaka 1974, eti kwa vile ndicho cha kwanza. Wengi wetu hatukuanzia mwanzo. Tulianzia kile tulichokikuta chini ya mto wa kaka, au kile alichosahau mgeni.

Sisi wa Busunzu, huku njia ya Kasulu na Kibondo, ndiyo kabisa. Nimekua sijawahi kuona duka la riwaya. Kitabu kilikuja na basi, ndani ya begi la mwanafunzi wa bodingi, kikazunguka nyumba hadi nyumba mpaka jalada likaaga dunia. Cha nne kinatangulia, cha kwanza kinafuata baada ya mwaka, na cha pili hukioni hadi unaoa.

Siku moja nilimkuta jamaa wa bodaboda amejilaza juu ya pikipiki yake, anasoma furushi la karatasi. Jalada hakuna, kurasa za mwanzo nadhani zilishafungiwa karanga.

"Kaka, hicho kitabu gani?"

"Jina lake silijui, bwana. Ila Inspekta Kombora keshaingia. Joram hayuko mbali."

Umeona mambo hayo? Jina moja tu la mzee wa polisi limefanya kazi ya jalada. Jamaa kajua yuko kwenye dunia gani, nani wa kumwamini, na kwamba muda si mrefu yatamwagika mambo. Huo ndio ujanja ninaotaka tuuongelee leo: mwandishi wa mfululizo anavyochomekea vitabu vyake vya nyuma ndani ya kipya bila kumchosha mtu.

Joram Kiango ni wa marehemu Ben R. Mtobwa, mtoto wa Kigoma huyu huyu, aliyefariki mwaka 2008. Alimpitisha Joram kwenye Dimbwi la Damu, Salamu Kutoka Kuzimu, Tutarudi na Roho Zetu na vingine. Marehemu Elvis Musiba naye, aliyetutoka mwaka 2010, alikuwa na Willy wake, na nyuma ya Willy yupo Chifu, na kwa Chifu yupo Maselina. Watu hao wa pembeni ndio gundi yenyewe. Shujaa anabadilisha miji na warembo, lakini ofisi ni ile ile. Ukimwona Maselina unajisikia umerudi nyumbani.

Na kuna gundi nyingine ambayo watu hawaitaji: adui. Kufa na Kupona inahusu siri za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam. Kikosi cha Kisasi cha mwaka 1979 kinampeleka Willy hadi Kinshasa, na bado kivuli ni kile kile cha Makaburu. Msomaji wa enzi hizo hakuhitaji kuelezwa. Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963 mpaka ilipofungwa 1994. Redio ilikuwa imeshamsimulia nusu ya kitabu. Kijana wa leo akikisoma, hapo ndipo anapoachwa kwenye mataa, kwa sababu kitabu cha nyuma anachokosa si cha Musiba, ni cha historia.

Lakini ukitaka fundi mwenyewe, vuka maji uende Unguja. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi na kutoka kitabu mwaka 1960. Kisima cha Giningi kikaja 1968. Miaka minane hiyo! Aliyesoma cha kwanza akiwa shule, cha pili kimemkuta na watoto. Mzee akawakumbushaje watu? Kwa kiko. Kwa Najum, rafiki anayetembea naye. Kwa Spekta Seif. Kiko kikiwashwa, mzoefu anajua akili ya Bwana Msa imeanza kazi, na mgeni anaona mzee anavuta tumbaku, basi, hakuna aliyekosa kitu.

Hapo ndipo kipimo kilipo kwa maoni yangu. Dokezo zuri lina milango miwili. Wazee wa sinema mtakumbuka For Your Eyes Only ya 1981. James Bond anaweka maua kwenye kaburi la mkewe. Mkewe aliuawa kwenye On Her Majesty's Secret Service ya 1969, tena Bond wa humo aliigizwa na mtu mwingine kabisa. Hakuna anayesimama kuhutubia yaliyotokea. Aliyeona ya kwanza anaumia moyo, na ambaye hakuiona anaona mwanamume mwenye msiba.

Sasa linganisha na vijana wetu wanaoandika hadithi za vipande vipande, magazetini na siku hizi kwenye simu. Kipande cha saba kinaanza kwa kurudia sita zote! "Kama mtakavyokumbuka, Sele alimpenda Mwajuma, Mwajuma naye..." Aah! Mpaka arudi kwenye bastola iliyoachwa hewani wiki jana, nafasi imeisha na chini kumeandikwa ITAENDELEA. Wengine wanafanya kinyume: hawakumbushi kitu, na aliyekosa toleo moja kwa sababu hela ilikwenda kwenye unga anajikuta mgeni msibani. Harudi tena huyo. Na mwandishi anayelipwa kwa kipande, msomaji asiporudi, ndiyo ugali umeondoka mezani.

Bibi zetu hawakuwa na shida hii. Sungura anaingia kwenye hadithi bila kutambulishwa, na fisi akitajwa tu watoto wameshacheka, maana wanamjua ulafi wake tangu juzi.

Ila bibi aliweza kubadilisha mambo, na hakuna aliyekuwa anaandika. Kitabu kinabaki. Conan Doyle aliandika kwamba Daktari Watson alipigwa risasi begani. Kitabu cha pili, jeraha limehamia mguuni! Zaidi ya miaka mia imepita na watu bado wanamtania. Ndugu yangu unayeandika mfululizo, nunua daftari la bei rahisi. Andika nani ana kovu wapi, nani anakunywa nini, nani keshakufa. Hasa keshakufa. Doyle huyo huyo alimuua Sherlock Holmes mwaka 1893, wasomaji wakachachamaa, na 1903 akalazimika kumrudisha. Yeye alikuwa na bahati kwamba maiti haikuonekana. Wewe umeshamzika wako Kinondoni mbele ya umati, utamtoaje?

Kuna mchezo mmoja wa mwisho, na sijaona aliyeucheza vizuri kuliko yule mzee wa Unguja. Vitabu vya Bwana Msa ni saba. Cha saba, mwaka 1984, alikiita Kosa la Bwana Msa. Mtu mgeni ataona ni jina la kawaida tu, kwani nani asiyekosea? Lakini aliyemfuata huyo mzee na kiko chake kwa miaka ishirini na minne anashtuka kabla hajafunua ukurasa: Bwana Msa? Kosa?

Kwa hiyo kama ndicho ulichokiazima wiki hii na hivyo vingine hujavigusa, kifiche kabatini kwanza. Ulizia Mzimu wa Watu wa Kale, hata kama hakina jalada.