Gego Likitoka, Lazima Uweke Jingine?

Umeng'olewa gego, uko Endagikot, na makande hayatafuniki. Ufanyeje? Kuna meno bandia ya kuvaa na kuvua, kwa kawaida ndiyo nafuu. Daraja, ambalo meno jirani huchongwa kulishikilia. Na kipandikizi, skrubu ya titani inayoshikana na mfupa, ghali zaidi.

Ila kuacha pengo nako ni chaguo. Utafiti wa Sarita na wenzake nchini Tanzania, uliochapishwa 2003, ulionyesha kwamba magego madogo yanayofuata chonge yakiwa kamili, na angalau jozi moja ya magego makubwa ikikutana, utatafuna vya kutosha. Magego yote makubwa yakiisha na madogo yakipungua, ndipo shida inakuwa kubwa.

Basi kabla hujauza mbuzi, mwombe daktari akuhesabie jozi zinazokutana ukiuma.