Kwa Nini Maji ya Motokaa Hufungiwa

Mwezi wa Februari, majira ya kaskazi, nilikuwa abiria katika lori la mahindi lililotoka Garissa kwenda Nanighi. Njia ilikuwa ya mchanga, mzigo mzito, na upepo ulituvumia mgongoni, hata rejeta ikawa haipati hewa ila ile iliyovutwa na feni. Tulipokaribia Nanighi mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye alama nyekundu, na dereva akasimama chini ya mgunga. Lakini kabla hajashuka, utingo wake, kijana mwepesi wa kazi, alikwisha inua boneti, akashika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa na kukizungusha.

Kifuniko kikaruka. Maji na mvuke vikapanda juu kupita kichwa cha kijana, na mkono wake wa kulia ukaungua toka kiganja mpaka kiwiko.

Tulikuwa na madebe mawili tu ya maji. Dereva alitaka yote yawekwe kwa ajili ya injini, lakini mzee mmoja Mpokomo akamzuia. “Mwanangu,” alisema, “injini itangoja. Mkono wa mtoto wa watu haungoji.” Basi tukammiminia kijana debe moja zima, polepole, muda wa dakika ishirini hivi, na huo ndio msaada wa kwanza unaofaa kwa aliyeungua: maji baridi, wala si mafuta wala dawa ya meno.

Tulipokuwa tukingoja, mzee akanigeukia. “Bwana Karani, ninyi mliosoma, hebu nieleze. Nyumbani sufuria ikifoka twaifunua, ikatulia. Hawa waliounda gari, kwa nini wayafunge maji mpaka yawe na hasira namna hii? Si afadhali wangeyaacha wazi?”

Swali lake lilikuwa la haki, nami siku ile nililijibu vibaya. Nalijibu tena hapa, maana nimekwisha ona madereva wenye mawazo kama yake, ambao hulegeza kifuniko kwa makusudi au huziba rejeta kwa tambara.

Karibu theluthi moja ya joto linalotoka katika mafuta yanayoungua huingia katika maji ya injini, nayo sharti yaliondoe, la sivyo chuma hutanuka na pistoni hukwama. Injini iliyo kando ya mto haina shida kubwa. Inaweza kuvuta maji baridi upande huu na kuyarudisha ya moto upande ule, kama injini za mashua zifanyavyo. Watu wa Nanighi wanazijua injini za kando ya mto, kwa kuwa ni hapo palipowekwa pampu za dizeli za kuinua maji ya Tana na kuyatia katika mfereji wa mashamba ya Bura, ambako wakulima wa kwanza walifika mwaka 1981. Lakini lori halina mto. Hubeba maji yake lenyewe, tuseme lita 10, na hayo hayo huzunguka mchana kutwa: huchukua joto kwenye silinda, huenda rejetani, hewa huyapunguzia joto, kisha hurudi kazini.

Sasa, maji hayo yakichemka yote huharibika. Mapovu ya mvuke hushika chuma cha moto na kukifunika, na mvuke hauwezi kuchukua joto kama maji yachukuavyo. Chuma huweza kupasuka. Tena maji yanayochemka hufoka yakamwagika, na lita 10 si nyingi.

Wengi hudhani kwamba maji huchemka kwa joto lile lile kila mahali. Sivyo. Hewa ina uzito, nao huyakandamiza maji. Nanighi, penye nchi ya chini, huchemka karibu na digrii 100. Nairobi, iliyo juu ya futi 5,000, huchemka kwenye digrii 94 au 95, na ndiyo maana maharagwe ya huko hukawia kuiva. Ikiwa shinikizo likipungua maji huchemka upesi, basi likizidi yatachelewa. Mfaransa Denis Papin alilionyesha jambo hilo huko London mwaka 1679 kwa chungu cha chuma kilichofungwa imara, naye akakiwekea kizibo cha kupumulia kisije kikapasuka.

Waunda magari walifuata njia hiyo hiyo. Hakuna pampu inayotia shinikizo. Pampu ya gari huyazungusha maji tu. Maji yakipata joto hutanuka, na kwa kuwa yamefungwa, hujikandamiza yenyewe pamoja na mvuke wake. Ndani ya kifuniko mna springi, ambayo katika magari mengi huzuia mpaka ratili 15 hivi kwa kila inchi mraba, kisha huachia kilichozidi. Injini ikipoa, vali nyingine ndogo hufunguka na kuruhusu maji au hewa kurudi ndani. Kwa shinikizo hilo maji matupu hayachemki mpaka karibu na digrii 120.

Tena kuna faida nyingine. Joto hutoka upesi pale tofauti inapokuwa kubwa. Hewa ikiwa digrii 38 na maji digrii 100, tofauti ni 62. Maji yakifika 115 bila kuchemka, tofauti ni 77, na rejeta ile ile hutoa joto zaidi kwa karibu robo.

Maji aliyoyafungulia kijana yule, kama yalikuwa digrii 115, yalizuiwa yasichemke na kifuniko peke yake. Kilipotoka, joto lililozidi 100 liligeuza sehemu ya maji kuwa mvuke papo hapo. Katika lita 10 sehemu hiyo ni robo lita tu na kidogo, lakini mvuke wake hujaza zaidi ya lita 400, nao huyarusha maji yaliyobaki.

Tulingoja saa nzima, mpaka bomba la mpira la juu likawa laini mkononi. Kifuniko kilikuwa kizima, na mpira wake mpya. Lakini ndani ya rejeta mlikuwa na tope jekundu limegandamana mwanzoni mwa mirija. Dereva akakiri kwamba kila alipofika mtoni alichota maji akatia.

Mzee akachungulia. “Maji ya Tana?” aliuliza. “Sisi hata ya kunywa twayaacha mtungini yatuame kwanza.”

Tukaongeza maji ya debe la pili kidogo kidogo, injini ikinguruma. Tukaingia Nanighi mwendo wa pole, kijana ameketi mbele, mkono umefunikwa kwa kitambaa safi, akashushwa zahanati kabla ya mahindi.