Mkorosho wa Kibiti

Mkorosho asili yake ni Brazili. Wareno waliuleta pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Wilayani Kibiti hustawi kwenye ardhi ya kichanga iliyoinuka. Maparoni, ndani ya delta ya Rufiji, ni nchi ya mikoko, si ya mikorosho, kwani mkorosho hauvumilii maji yaliyotuama.

Korosho huning'inia chini ya bibo, tunda jekundu au la njano. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, ndiyo maana huchomwa kwanza. Mbanguaji wa nyumbani hupaka majivu mikononi, hugonga ganda taratibu, kisha humenya ngozi nyembamba. Kiini kikivunjika, bei hushuka. Inasikitisha kwamba korosho nyingi za Tanzania bado husafirishwa ghafi, zikabanguliwe India na Vietnam.